Upande Kwanza, Kisha Pigo

Mota ina kigugumizi.
Nimeitoa tumboni mwa printa kuukuu ya ofisi,
nikaifunga kwa vipande viwili vya bati juu ya meza ya cherehani,
hapa Limbani, Wete, chumba cha uani,
na kila ninapoiambia nenda
inasema ne-ne-ne-ne, inatetemeka, inabaki palepale
kama mimi skuli, darasa la pili,
nilipotakiwa kutaja jina langu mbele ya watu.

Kazi yake si kubwa.
Ichore maua ya kofia juu ya kitambaa cheupe,
maua thelathini na mawili, mzingo mzima,
ili Mize na wenzake watoboe na kushona
bila kupinda mgongo juu ya penseli usiku kucha.
Ukanda ukikunjwa, ua la mwisho
lisalimiane na la kwanza.

Jana hayakusalimiana.
La mwisho lilikuja nusu,
kama mgeni aliyebisha mlango usio wake.
Mize aliutazama ukanda, akausogeza kwa ncha ya kidole:
"Hii nimvishe nani? Mwenye kichwa cha pembe?"

Usiku nikakifungua kiendesha-mota,
kisanduku cheusi kilichotoka Kariakoo
kikavuka maji ndani ya boksi la sabuni.
Swichi sita, ndogo kama punje za mtama.
Nyaya tatu:
mmoja wa pigo, mmoja wa upande, mmoja wa ruhusa.
Karatasi ya maelezo ni ya Kichina,
lakini ina michoro, na mchoro haukwami ulimini.

Ndipo nikaliona kosa langu.
Nilikuwa natuma upande na pigo kwa pamoja,
pumzi na neno, mlango mmoja.
Upande kwanza. Ngoja kidogo,
kidogo ambacho jicho halijakipa jina,
sekunde moja ukiikata mara milioni ukachukua vipande vitano,
kisha pigo. Lipande, lisimame, lishuke.
Likiwa jembamba mno kisanduku hakilisikii,
na pigo lisilosikika
deni lake hulipa kitambaa.

Hatua mia mbili kwa mzunguko: ngazi za mawe.
Swichi ya tano chini, ya sita juu,
kila hatua nikaigawa mara nane,
elfu moja na mia sita,
ngazi ikawa mteremko,
na mngurumo uliokuwa ukiwaamsha kuku wa kwa kina Makame
ukawa nyuki ndani ya mtungi.

Bado ikijikwaa mwanzo wa safari.
Nilikuwa naiamsha na kuikimbiza papo hapo.
Nani aliyeamshwa kwa kofi akasimama sawa?
Nikaandika upya: anza taratibu,
zidisha, zidisha, sasa nenda,
na kabla hujafika, punguza,
maana kigari cha kalamu kina uzito na hakina breki.
Nikapunguza na mkondo.
Mota iliyokuwa ikichoma kidole
ikabaki na joto la kikombe cha chai kilichosahauliwa.

Saa nane za usiku kalamu ikatembea.
Petali, petali, kikonyo, petali.
Nikajikuta nasema nayo, kwa sauti,
jina langu lote:
Shaame Kombo Shaame Faki.
Upande kwanza. Pumzi. Kisha pigo.
Ile "Sh" haikunizuia.
Chumbani hamkuwa na mtu,
kwa hiyo sijui kama inahesabika.

Asubuhi Mize akaukunja ukanda dirishani.
Ua la thelathini na mbili likafika,
likamkosa mwenzake kwa upana wa uzi.
Nikaanza kueleza: mkanda wa mpira umelegea,
me-me-meno ya gurudumu...
Alikuwa ameshatunga sindano.
"Uzi mmoja napajua pa kuutia," akasema,
hakuniangalia.
"Nipe nyengine kumi."